Mtamba wa Mahari



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulikaa na kikundi cha vijana wa parokia kuzungumza juu ya kazi na wito. Wengi waliuliza yale tuliyoyatazamia: mshahara usiofika, rushwa, ukosefu wa kazi. Kisha akasimama msichana mmoja aliyemaliza masomo ya ufugaji na uganga wa mifugo, akasema: «Mwalimu, mimi huitwa kumtibu mbuzi au ng'ombe. Anayeniita ni mwenye mali, na anayenilipa ni mwenye mali. Lakini anayeumwa si yeye. Siku mwenye mali akikataa kile ambacho mgonjwa anakihitaji, nimtii nani?»

Tulimjibu kwa maneno ya kawaida, kwamba asali, atumie busara, aheshimu wakubwa. Hayakuwa maneno ya uongo, ila hayakuwa jibu. Akaketi kwa adabu, na sisi tukarudi nyumbani na uzito moyoni, kwa maana swali lile tulikwisha kuulizwa zamani na mganga mwingine, na siku ile wenye mali tulikuwa sisi.

Ilikuwa mwaka 2009. Wakati ule tulikuwa tukifundisha katika shule ya ualimu, na miongoni mwa masomo yetu lilikuwamo somo la maadili. Mtoto wa kaka yetu alikuwa anaoa. Kaka alikwisha kufariki, kwa hiyo shughuli ya mahari iliangukia mabegani mwetu. Ninyi mliozaliwa Bushi hamhitaji maelezo: dola zaweza kutolewa, vitenge na majembe vyaweza kutolewa, lakini bila ng'ombe wazee wa upande wa pili watakaa kimya, na kimya chao ni kizito kuliko matusi. Nasi tulitaka mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aingie katika ua wa wakwe kwa miguu yake mwenyewe, watu wakimtazama.

Tulimnunua Jumatano sokoni Walungu. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, kilo 300 hivi, mpole. Ili kuokoa fedha tulimpakia katika lori lililokuwa na ng'ombe wengine watano na magunia ya muhogo. Hapakuwa na ngazi ya kupandia. Walimsukuma kutoka kwenye kilima cha udongo. Sakafu ya lori ilikuwa bati tupu, nayo mvua ilikwisha kunyesha. Njiani aliteleza akaanguka, wenzake wakamkanyaga, na tulipofika kumpokea walimshusha kwa kamba kama gunia. Mguu wa nyuma wa kuume ulikuwa ukining'inia. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Tulimwita mganga wa mifugo wa mtaa. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa makamo, ambaye mshahara wake (kila mtu alijua) ulikuwa hadithi zaidi kuliko fedha. Alikuja kwa miguu, na mfuko wake wa ngozi begani. Alimpapasa mtamba taratibu kuanzia mgongoni hadi chini, akatega sikio, akamfunua ufizi, akasimama. Akatuambia kwamba mfupa ule, kwa mnyama mzito namna ile, hauungi. Ndama mchanga aliyevunjika chini ya goti aweza kufungwa mguu kwa banzi na plasta akapona; huyu, hapana. Akasema: «Mwalimu, kuna njia mbili. Mkitaka nyama, achinjwe leo hii, mimi nitaikagua, nanyi mtaila au mtaiuza. Msipotaka kumchinja, nimchome dawa ya maumivu na ya kuzuia usaha, lakini mjue nyama yake haitaliwa mpaka dawa itoke mwilini, na hizo ni siku nyingi, kwa dawa nyingine hata wiki tatu au nne. Kisu leo au sindano leo. Kukosa vyote viwili, hiyo siyo njia.»

Sisi tulichagua ile isiyo njia.

Hesabu yetu ilionekana kuwa ya akili. Arusi ilikuwa Jumamosi. Tukimchinja Jumatano, wakwe watapokea nini? Nyama ya siku tatu, bila barafu? Tukimchoma sindano, naye akafa, tumepoteza mnyama na nyama. Basi akae hivyo hivyo mpaka Jumamosi asubuhi. Wazee wa wakwe watamwona yungali hai, watakubali kwamba mahari imefika, kisha atachinjwa palepale kwa karamu. Siku tatu tu. Mganga alituuliza: «Na hizo siku tatu, nani atazilala?» Hatukumwelewa.

Hapa inafaa tuwaambie mambo tuliyojifunza baadaye kutoka kwake, maana tulikuwa tumesoma sana na hatukuyajua. Ng'ombe ni mnyama anayewindwa. Tangu asili yake, anayelia porini humwita simba. Kwa hiyo maumivu yake hayapigi kelele. Sisi tulimwona amelala kimya tukasema, «Ametulia.» Mganga alimwona amelala kimya akaona masikio yaliyolegea, pumzi fupi za haraka, na zaidi ya yote aliona kwamba hacheui. Ng'ombe mwenye raha hucheua. Aliyeacha kucheua anakuambia jambo. Usiku tulisikia mlio kama wa mawe mawili yanayosuguana, tukadhani ni panya. Alikuwa anasaga meno. Tena ng'ombe mzito asiyeweza kusimama huumizwa na uzito wake mwenyewe: ule upande anaoulalia, damu haipiti vema, na katika saa chache misuli na mishipa ya fahamu huanza kufa. Ndiyo sababu lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, awekewe nyasi nene chini, apelekewe maji mdomoni.

Mganga yule alirudi Jumatano jioni bila kuitwa. Alirudi Alhamisi asubuhi na jioni. Hakudai hata faranga moja. Alileta kamba yake, akaomba vijana wawili, akamgeuza mtamba upande wa pili, akamnywesha maji kwa ndoo, akamfukuzia nzi. Na kila mara, kabla ya kuondoka, alituuliza neno lile lile: «Kisu au sindano, Mwalimu?» Na kila mara tulimjibu: «Jumamosi.»

Je, hakuweza kutulazimisha? Swali hili limetusumbua miaka mingi. Pale uani hakuna aliyetaja sheria yoyote, naye hakuwa na karatasi ya kutuonyesha. Alikuwa na elimu yake na dhamiri yake. Sisi tulikuwa na ng'ombe. Na katika fikira zetu sote, hata zake labda, ng'ombe alikuwa mali, na mali husemewa na mwenyewe. Sheria yetu ya adhabu inamlinda ng'ombe wa jirani kama inavyolinda shamba la jirani: ukimjeruhi, umemkosea jirani. Lakini siku jirani na mkosaji wakiwa ni mtu mmoja?

Mahali pengine watu walilifikiria jambo hili mapema. Uingereza, mwaka 1822, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga ng'ombe, farasi na kondoo dhidi ya ukatili, hata wa wenye mali wao. Na sheria yao ya mwaka 1911 iliagiza jambo ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulifunga kitabu kwa muda: polisi akimkuta mnyama aliyeumia vibaya, na mwenyewe hayupo au anakataa, amwite mganga wa mifugo, mganga akithibitisha kwamba ni ukatili kumwacha mnyama huyo aendelee kuishi, polisi aweza kuamuru auawe bila ridhaa ya mwenyewe. Yaani neno la mganga lilipewa uzito kuliko neno la mwenye mali, katika saa ile moja tu. Wala hawakufanya hivyo kwa kuwa walikuwa watakatifu kuliko babu zetu. Wakati huohuo walikuwa wakitawala sehemu kubwa ya Afrika kwa namna tunayoijua.

Baadaye, mwaka 1965, kamati ya wataalamu wa nchi hiyo hiyo, iliyoundwa baada ya mwandishi Ruth Harrison kueleza jinsi mifugo ilivyokuwa ikifungiwa viwandani, ilisema kwamba mnyama yeyote anayefugwa apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo. Kutoka hapo yakatokea yale yanayoitwa «uhuru tano», ambayo leo wanafunzi wa uganga wa mifugo hukariri kama watoto wetu wanavyokariri amri: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe katika maumivu na ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia zake za asili, asiishi katika hofu. Yapime yote matano juu ya lori letu la Walungu, mtaona lipi lilisalia.

Shirika la Afya ya Wanyama Ulimwenguni, lenye makao yake Paris, lilianzishwa na nchi 28 mwaka 1924. Sababu yake ya kwanza haikuwa huruma. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitia bandari ya Antwerpen, wakawaambukiza ng'ombe wa Ubelgiji sotoka, nchi zikaogopa hasara. Lakini tangu mwaka 2005 shirika hilo limeandika pia kanuni za ustawi: jinsi ya kusafirisha mifugo kwa njia ya nchi kavu, sakafu isiyoteleza, nafasi ya kutosha, mnyama asiyeweza kusimama asipakiwe, na jinsi ya kuchinja bila kutesa. Nchi yetu ni mwanachama. Majirani zetu wa Tanzania wamekwenda hatua nyingine: wanayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mbuzi anayefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki haumwi kidogo upande huu wa Tanganyika kuliko upande ule.

Nasi huku Kivu hatukosi mfano. Kule Lwiro, tangu mwaka 2002, kuna kituo kinachopokea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Kule Rumangabo kuna kituo cha sokwe wa milimani walioachwa yatima. Mmoja wao, Ndakasi, alifariki mwaka 2021 mikononi mwa mlezi wake, na picha yao ikazunguka dunia. Vijana wenzenu, watoto wa mitaa hii, ndio wanaofanya kazi hiyo. Wanaelewa kila mlio na kila mkunjo wa uso. Lakini tazameni tofauti: sokwe hana mwenyewe wa kukataa sindano. Sheria ya mwaka 2014 ya kulinda viumbe imemtoa sokotoni, kwa hiyo mlezi wake anapoulizwa anamtumikia nani, jibu ni jepesi. Mtamba wetu alikuwa na mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake mbaya.

Tunajua neno ambalo baadhi yenu mnalo mdomoni, kwa sababu tulilisikia tulipoanza kueleza habari hizi kikundini. «Mwalimu, hapa watu wanakimbia vita, watoto wanakufa bila dawa, nawe unatuhubiria ng'ombe?» Neno hilo si la kudharau. Katekisimu yenyewe, katika namba 2418, inaonya kwamba si haki kutumia kwa ajili ya wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Lakini namba hiyohiyo yasema pia kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu, ya binadamu anayetesa. Wala haikatazi kuchinja ili kula. Na katika habari yetu, huruma ingetugharimu nini? Kisu kilikuwamo nyumbani. Nyama ingeliwa na wenye njaa Jumatano ileile. Hatukumnyima mtamba faraja ili tumpe mtoto dawa. Tulimnyima ili tusione haya mbele ya wakwe.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, imeagizwa kwamba mtu akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asimpite, amsaidie. Tulifundisha sehemu hiyo mara nyingi, na daima tuliieleza kama fundisho la kumpenda adui. Ni kweli. Lakini mganga yule ndiye aliyetufungua macho kwamba ndani yake mna jambo jingine: sheria imemtenga punda na mwenyewe. Uadui ni wa mwenyewe. Mzigo ni wa punda. Ukimwacha punda kwa sababu ya mwenyewe, umekosa mahesabu.

Ijumaa usiku, kabla ya jogoo wa kwanza, mtamba alikufa.

Tungependa kuishia hapo, maana kufika hapo ni aibu ya kutosha. Ila yaliyofuata ndiyo hasa yaliyotufanya tuandike. Asubuhi ndugu zetu walisema kwamba nyama haiwezi kutupwa. Dola zote zile! Shingo ikakatwa haraka ili ionekane amechinjwa. Mganga akaitwa aikague. Alitazama mara moja tu lile kovu lisilo na damu, akasema: «Huyu amekufa mwenyewe. Mnyama aliyejifia haliwi.» Tukamsihi. Ndugu yetu mmoja akatoa bahasha. Mtu asiye na mshahara, vijana, kumbukeni hilo. Aliitazama bahasha kwa muda ambao ulituonekea mrefu, akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa. Ndipo tukamtukana. Tulimwambia ameharibu arusi ya yatima. Sisi wenyewe tulimwambia hivyo, kwa kinywa kilekile tulichofundishia maadili.

Alipoondoka, alitafutwa mtu mwingine asiye mganga ila mwenye muhuri, na kabla ya saa sita mchana nyama ilikwisha kuuzwa mtaani, kipande kwa kipande, kwa mama wenye watoto. Tulijua. Tulinyamaza. Kwa yale tuliyoyasikia, hakuna aliyeugua. Jambo hilo tunamshukuru Mungu nalo, wala hatujisifii. Kwa wakwe tulipeleka dola na ahadi ya ng'ombe mwingine, wakapokea bila ugomvi. Mzee wao mmoja alituambia hata angelipata habari ya mguu uliovunjika angelikubali mahari siku ileile. Siku zile tatu hazikuwa na faida yoyote.

Basi tulimtafuta yule msichana Jumapili iliyofuata tukamsimulia haya yote. Kisha tukamwambia lile tuliloona linaweza kumsaidia: awe na daftari. Kila anapoitwa aandike tarehe, alichokiona, alichoshauri, na mwenye mali alijibu nini. Amwombe mwenye mali atie sahihi. Mtu akiona maneno yake yanaandikwa, mara nyingi huyafikiria upya; sisi tungeliyafikiria. Na siku sheria ikija kuuliza, daftari litakuwa na la kusema. Nyama ya mnyama aliyechomwa dawa aikatae waziwazi, hata kama atapoteza mteja, kwa maana hapo anawatetea pia walaji ambao hawamjui. Bei ya kazi yake aitaje kabla ya kuanza, asije akauziwa uamuzi wake baadaye.

Alisikiliza, akaandika mambo mawili matatu. Halafu akauliza: «Na akikataa vyote, Mwalimu? Kisu akatae, sindano akatae, sahihi akatae. Mimi sina polisi.»

Tulimweleza jioni ya Ijumaa ile, ambayo hatukuwa tumemsimulia mtu. Vijana wa kumsaidia mganga walikuwa wamekwenda kukodi viti vya arusi. Alisimama mlangoni na kamba yake, akatuambia hawezi kumgeuza peke yake. Tukavua koti. Alituonyesha mahali pa kushika, chini ya bega, naye akashika nyuma, pale penye maumivu, kwa sababu alijua jinsi ya kupashika. Mwili ulikuwa na joto kali, nasi tulihisi mtetemo mdogo ukipita ndani yake bila kukoma. Tulipomaliza, mganga aliweka nyasi mpya, akamlowesha mdomo, akanawa mikono kwenye ndoo ileile. Mara hiyo hakutuuliza kisu au sindano. Alituaga, akasema atarudi asubuhi.